Seva ya chama haiwaki baada ya kukompaili keneli mpya, mnada ni keshokutwa. Naombeni msaada

Mwana Shangani · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nyumbani ni Mtwara mjini lakini usiku huu naandika kutoka Tandahimba, ndani ya ofisi ya chama kimoja cha msingi cha ushirika. Mimi ndiye natunza seva yao. Ndiyo yenye kila kitu: majina ya wakulima na namba zao, kilo za korosho alizoleta kila mmoja, daraja la mzigo, salfa aliyochukua. Orodha ya kilo inatakiwa ifike ghala kuu kesho mchana, mnada ni keshokutwa.

Huku umeme ukikatika na kurudi, seva inachukua karibu dakika tano mpaka makarani waanze kazi. Dakika tano ni nyingi mkulima akiwa amesimama juani na gunia lake. Nikasoma kwamba keneli, yaani kiini cha Linux, ikipunguzwa, ikabaki na vitu ambavyo mashine inavitumia kweli, inawaka upesi. Nikashusha chanzo cha 6.6.30, nikakompaili (nikaigeuza kuwa programu) kwenye laptopu yangu nyumbani maana prosesa yake ni nzuri kuliko ya seva. Zote mbili zina Debian 12. Nikaja na folda nzima kwenye diski ya nje, nikafanya `make modules_install`, kisha `make install`, kisha `update-grub`. Nikawasha upya.

Mstari wa mwisho kwenye kioo ni huu, na hausogei:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Nimezima na kuwasha mara sita. Msaada wenu wakuu, sijui nianzie wapi.

---

Kijana wa Kilwa · saa 2:21 usiku

Pole sana kaka. Hiyo diski imeondoka. Niliwahi kuona ujumbe kama huo kwenye mashine ya shule, tukabadilisha diski tukapiga Debian upya, ikapona. Kama una diski nyingine hapo, futa uanze mwanzo, usipoteze usiku.

---

Fundi Mstaafu, Mikindani · saa 2:34 usiku

Mwanangu, usifute chochote. Narudia, usifute chochote na usiweke mfumo mpya juu ya hiyo diski. Kilo za watu zimo humo.

Kijana wa Kilwa amesema kwa nia njema lakini ujumbe huu hausemi diski imekufa. Tuusome. VFS ni sehemu ya keneli inayoshughulika na mafaili. Inasema imeshindwa kufungua shina la mfumo. Zile tarakimu mbili za mwisho ndizo zenye habari. Ingekuwa 8 na 2, ningesema keneli imeiona diski, maana 8 ni namba ya ukoo wa diski za SCSI na SATA, na 2 ni patisheni ya pili. Hapo ungetafuta kama draiva ya ext4 imesahaulika. Lakini yako ni 0 na 0. Keneli haijaona diski yoyote. Ni kama mtu ameingia ghalani gizani: magunia yapo, yeye haoni.

Utaniuliza, mbona GRUB, ile programu inayopakia keneli mashine ikiwaka, imeisoma hiyo keneli kutoka kwenye diski hiyo hiyo? Kwa sababu GRUB inaazima macho ya BIOS, programu ya kuamshia mashine. BIOS ya seva inaijua kadi yake ya RAID tangu kiwandani. Keneli ikishika usukani haitumii tena macho ya BIOS, inatumia draiva zake yenyewe. Kama draiva ya kadi haimo ndani ya keneli, wala haimo kwenye initramfs (furushi dogo la draiva linalopakiwa pamoja na keneli, faili lake huitwa initrd), basi kwa keneli hakuna diski.

Nijibu matatu. Seva ina kadi ya RAID? Wakati wa `make install` kuna kosa lolote lilipita kwenye kioo? Na keneli ya zamani bado ipo?

---

Mwana Shangani · saa 2:47 usiku

Shikamoo mzee. Asante kwa kunizuia, nilikuwa tayari nimeshatoa diski ya akiba kwenye boksi.

Kadi ya RAID ipo, diski mbili zinaonekana kama moja.

Kosa lilikuwepo. Wakati inatengeneza initramfs iliandika `No space left on device`. Patisheni ya `/boot` ni ndogo, haifiki MB 250. Nikafuta initrd ya keneli ya zamani kabisa ili kupata nafasi, kisha nikaendelea na `update-grub`. Sikurudia `update-initramfs`. Nilidhani update-grub ingetosha.

Keneli ya 6.1.0-18 sikuigusa. Tatizo ni kwamba menyu ya GRUB haitokei. Niliweka `GRUB_TIMEOUT=0` ili kuokoa sekunde tano.

---

Fundi Mstaafu, Mikindani · saa 2:55 usiku

Marahaba mwanangu. Basi chanzo cha kwanza tumekipata. Nafasi iliisha, initramfs haikuundwa, GRUB ikaorodhesha keneli mpya bila initrd. Keneli imeingia peke yake, bila moduli hata moja, yaani vile vipande vya keneli vinavyopakiwa vikihitajika. Draiva ya kadi kwa kawaida huwa ni moduli, kwa hiyo ilibaki nyuma kwenye diski ambayo haiwezi kufunguka bila draiva hiyo hiyo.

Usiku huu hatutengenezi keneli mpya. Usiku huu tunawasha ya zamani, wakulima wapate orodha yao. Kama seva yako inatumia BIOS ya zamani shikilia Shift mara tu kadi ya RAID inapomaliza kujikagua. Kama ni UEFI, ile ya kisasa, gusa Esc.

---

Mwana Shangani · saa 3:20 usiku

Shift imekataa mara tatu, nadhani naibonyeza mapema au nimechelewa, hii mashine inajikagua muda mrefu sana. Nikagonga Esc mfululizo, sasa nimeangukia kwenye kioo cheusi kimeandikwa `grub>` tu. Nimeharibu?

---

Dada wa Ndanda · saa 3:26 usiku

Hujaharibu kaka, hapo ulipo ni pazuri. Mimi natunza maabara ya kompyuta ya shule, hiyo `grub>` imeshaniokoa zaidi ya mara moja. Hapo unaweza kuiwasha keneli yoyote kwa mkono wako. Kwanza iangalie diski:

`ls`
`ls (hd0,msdos1)/`

Ukiona majina ya vmlinuz na initrd yamejipanga, hiyo ndiyo `/boot` yako. Kama hayapo jaribu msdos2, au gpt1 kama diski imegawanywa kwa GPT. Kwa kuwa `/boot` yako ni patisheni yake yenyewe, usiandike neno boot kwenye njia ya faili. Kisha:

`linux (hd0,msdos1)/vmlinuz-6.1.0-18-amd64 root=/dev/sda2 ro`
`initrd (hd0,msdos1)/initrd.img-6.1.0-18-amd64`
`boot`

Tumia Tab ikumalizie majina, ukikosea herufi moja haitakubali. Hakikisha vmlinuz na initrd ni za namba moja. Ukichanganya keneli ya namba hii na initrd ya namba ile, moduli hazitaingia na utarudi kule kule. Weka sda2 kama ndiyo yenye mfumo. Wewe ndiye unayejua ulivyoigawa.

Na kibodi hapo inafuata mpangilio wa Kimarekani hata kama yako ina mpangilio mwingine, kwa hiyo mabano na alama ya sawasawa zinaweza kuwa si pale zilipochorwa.

---

Mwana Shangani · saa 3:41 usiku

IMEWAKA.

Dada, Mungu akubariki. Imewaka yote, naona hifadhidata, naona majina. Mlinzi amesikia nimepiga kelele akaja mbio na tochi.

---

Fundi Mstaafu, Mikindani · saa 3:44 usiku

Alhamdulillah. Sasa kabla hujafanya jingine lolote, toa nakala ya hifadhidata kwenye diski yako ya nje. Halafu toa orodha ya ghala kuu. Halafu rudisha `GRUB_TIMEOUT=5`, fanya `update-grub`, na chagua 6.1 iwe ndiyo ya kuwaka. Ukimaliza hayo matatu nenda ukalale. Keneli mpya tutaizungumza baada ya mnada.

---

Mwana Shangani · saa 4:30 usiku

Nakala imetoka, nimeifungua kwenye laptopu kuhakikisha, inafunguka. Orodha imechapwa. Asanteni sana wazee wangu. Nitarudi.

---

Mwana Shangani · Ijumaa, saa 11:05 jioni

Wakuu, mnada umepita salama, orodha ilifika kwa wakati. Sasa nataka kuelewa vizuri, maana sitaki kuiacha hii kazi nusu.

Nimeangalia ukubwa. Folda ya `/lib/modules/6.6.30` ni nzito kupita kiasi ukilinganisha na idadi ya moduli zilizomo. Yaani moduli ni chache kuliko za 6.1 lakini uzito ni mkubwa zaidi. Kwa nini?

---

Dada wa Ndanda · saa 11:30 jioni

Kwa sababu ulianza na faili la usanidi la Debian, na hilo limewasha taarifa za kuchunguzia makosa. Kila moduli imebeba taarifa hizo ndani yake. Debian wenyewe huziondoa kabla ya kukupa keneli, wewe ukikompaili mwenyewe zinabaki. Ndizo zilizojaza `/boot`. Rudia hivi:

`make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install`
`update-initramfs -c -k 6.6.30`
`ls -lh /boot`

Angalia kwa macho yako kwamba initrd ya 6.6.30 ipo na ina uzito wa kueleweka. Ndipo `update-grub`.

---

Fundi Mstaafu, Mikindani · saa 12:10 jioni

Naongeza jambo moja, na hili nalisema kwa uzito. Usiiweke keneli mpya kuwa ya kuwaka kila siku kabla haijakuonyesha kwamba inaweza. Wewe unakaa Mtwara, seva iko Tandahimba. Siku ikikwama usiku wa mvua, ni nani atakayekwenda kubonyeza Esc?

Kwenye `/etc/default/grub` weka `GRUB_DEFAULT=saved`, na kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX` ongeza `panic=30`. Fanya `update-grub`. Kisha tumia `grub-set-default` kuiteua 6.1 iwe ya kudumu, na `grub-reboot` kuiteua 6.6.30 kwa safari moja tu. Ikifanikiwa, umeipata. Ikishindwa, itasubiri sekunde 30, itajiwasha upya yenyewe, na safari ya pili itaingia 6.1 bila mkono wa mtu. Nilifanya kazi na mitambo ya simu miaka mingi, iliyokuwa mahali ambapo gari halifiki masika. Hatukuwahi kubadilisha kitu ambacho hatukuweza kukirudisha tukiwa mbali.

---

Kijana wa Kilwa · saa 12:25 jioni

Mzee shikamoo. Hii ya grub-reboot sikuijua kabisa. Na nakubali ushauri wangu wa Jumatatu ulikuwa wa hatari, kaka Shangani nisamehe. Nauliza, kama keneli inakwama bila kutoa panic, yaani inaganda tu kimya, hiyo `panic=30` itasaidia?

---

Fundi Mstaafu, Mikindani · saa 12:33 jioni

Marahaba. Haitasaidia. Panic ni keneli kukiri kwamba imeshindwa. Ikiganda kimya haikiri kitu. Kwa hali hiyo unahitaji mtu wa kukata umeme na kuurudisha, au seva yenye kadi ya kuiendesha kwa mbali. Lakini hata mtu akizima na kuwasha tu, kwa sababu safari ile moja imeshatumika, itarudi kwenye 6.1. Mlinzi anaweza kufanya hivyo bila kujua chochote cha kompyuta.

---

Mwana Shangani · Jumamosi, saa 4:15 asubuhi

Nimefanya yote. initrd imeundwa, safari hii ni ndogo na `/boot` imebaki na nafasi. Nikaagiza `grub-reboot`, nikawasha upya, nikatoka kununua chai. Nimerudi nakuta seva iko hewani. Nikafurahi, nikaandika `uname -r`, inasema 6.1.0-18-amd64.

Kwa hiyo mpya imeshindwa tena, ila safari hii imejirudisha yenyewe. Mzee ulichosema kimetokea kama ulivyosema. Lakini sijaona kosa ni nini.

---

Dada wa Ndanda · saa 4:40 asubuhi

Hujaona kwa sababu ya hiyo hiyo `panic=30`. Initramfs ya Debian ikikosa diski, kwa kawaida inakufungulia ganda dogo la amri ili uchunguze. Ikiona umeweka panic, hailifungui, inawasha upya. Ni jambo jema ukiwa Mtwara, lakini leo upo mbele ya mashine.

Wasemaje ukiichagua 6.6.30 kwenye menyu, ubonyeze `e`, ufute `panic=30` kwenye mstari wa linux, kisha Ctrl-x? Mabadiliko hayo ni ya mara moja, hayaandikwi popote. Ukipata ganda la initramfs andika:

`cat /proc/partitions`
`cat /proc/modules`

---

Mwana Shangani · saa 5:02 asubuhi

Imesubiri kidogo, kisha ikasema UUID (namba ya utambulisho) ya shina haipo, ikanipa ganda. `/proc/partitions` ni tupu. Kwenye moduli naona `ahci`, naona za USB. Na kwenye folda ya `/lib/modules/6.6.30` niliona hata ya kamera na ya bluetooth!! Seva haina kamera.

---

Fundi Mstaafu, Mikindani · saa 5:10 asubuhi

Kamera hiyo ni ya laptopu yako. Mwanangu, ulipunguza keneli kwa amri gani?

---

Mwana Shangani · saa 5:14 asubuhi

`make localmodconfig`. Kwenye laptopu.

Nimeelewa sasa. Nimeelewa kabisa.

---

Dada wa Ndanda · saa 5:31 asubuhi

Nieleze kwa wengine watakaopita hapa. Amri hiyo inasoma moduli zinazotumika wakati huo kwenye mashine uliyopo, inabakisha hizo, inazima nyingine zote. Kaka aliiendesha kwenye laptopu, kwa hiyo alitengeneza keneli nzuri sana ya laptopu yake. Laptopu haina kadi ya RAID.

Rudi 6.1 uandike `lspci -k`, utaona kadi inatumia draiva gani. Nakisia `megaraid_sas`, lakini thibitisha. Halafu itafute kwenye `.config` yako.

Kukompaili kwenye laptopu si kosa, ila iambie unakompaili kwa ajili ya nani. Kwenye seva, orodhesha moduli zinazotumika:

`lsmod > lsmod-seva.txt`

Lete faili hilo kwenye laptopu, anza tena na faili la usanidi la seva, lile `/boot/config-6.1.0-18-amd64`, linakili liwe `.config`, kisha:

`make LSMOD=lsmod-seva.txt localmodconfig`

Kabla ya kuchukua hiyo lsmod, chomeka kila kitu mnachotumia. Printa, waya wa mizani, modemu ya akiba, flashi. Kisichochomekwa hakionekani, na kisichoonekana kitazimwa. Mimi nilisahau kadi ya sauti, ikabidi nirudie kazi ya saa nzima.

---

Mwana Shangani · saa 6:20 mchana

Dada ni kweli. Kadi inatumia `megaraid_sas`, na kwenye usanidi wangu imeandikwa `# CONFIG_MEGARAID_SAS is not set`. Waya wa mizani nao ungekufa, `ch341` pia ilizimwa. Yaani hata ingewaka, Jumatatu karani angeshindwa kupima.

Nimechomeka kila kitu, nimechukua lsmod, naondoka na basi la mchana kurudi mjini nikompaili upya.

---

Mwana Shangani · Jumapili, saa 9:50 alasiri

Wakuu, niko Tandahimba tena. `grub-reboot`, nikawasha, `uname -r` inasema 6.6.30. Diski zipo, mizani inasoma, printa inachapa.

Sasa nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya yote: nikashika saa ya simu. Tangu kubonyeza kitufe mpaka menyu ya GRUB kutokea ni dakika tatu na sekunde arobaini. Hapo keneli haijaguswa bado, ni mashine inakagua kumbukumbu na kadi ya RAID inaamka. Kisha nikaandika `systemd-analyze`, inayopima muda wa kuwaka, kwenye keneli zote mbili. Tofauti kati ya 6.1 na 6.6.30 yangu ni sekunde nne.

---

Fundi Mstaafu, Mikindani · saa 10:15 alasiri

Sekunde nne si bure, lakini angalia unalipa nini. Debian wakitoa kiraka cha usalama cha 6.1, unakipata kwa `apt upgrade`. Kiraka cha 6.6 yako utakipata siku utakayopata muda wa kukompaili, na msimu wa korosho hautakupa muda huo. Kuna mashine zinazohitaji keneli ya kukompaili, kwa mfano ukiwa na kifaa ambacho draiva yake haimo kabisa kwenye ile ya Debian. Yako haimo kwenye kundi hilo.

Dakika zako tatu na arobaini ziko BIOS. Angalia kama kuna ukaguzi wa kumbukumbu unaoweza kufupishwa. Na zaidi ya hapo, kwa nini seva inazimika kila umeme ukikatika? UPS haipo?

---

Mwana Shangani · saa 10:28 alasiri

Ipo mzee, betri zake zimekufa tangu mwaka jana. Ikikatika inazima hapo hapo.

---

Fundi Mstaafu, Mikindani · saa 10:31 alasiri

Basi fedha ya chama iende kwenye betri. Kukatika ghafla kunaumiza hifadhidata kuliko dakika tano za kusubiri.

---

Mwana Shangani · saa 11:40 jioni

Nimeongea na mwenyekiti, nimemwonyesha saa kwenye simu, amekubali betri zinunuliwe Mtwara wiki hii. Kwenye BIOS nimefupisha ukaguzi wa kumbukumbu, imeshuka mpaka dakika mbili na kidogo.

6.1 ndiyo ya kudumu. 6.6.30 nimeiondoa kwenye `/boot`, usanidi wake na lile faili la lsmod nimeviweka kwenye diski ya nje na nakala nyingine nyumbani. Kwenye ukuta pembeni ya seva nimebandika karatasi yenye ile mistari mitatu ya `grub>` ya dada wa Ndanda, kwa herufi kubwa, na chini yake namba yangu. Mlinzi ameisoma akanionyesha alama ya sawasawa ilipo kwenye kibodi.

---

Kijana wa Kilwa · saa 1:05 usiku

Kaka, ukipata nafasi tuma picha ya hiyo karatasi. Na sisi huku tuna seva moja ofisini ambayo `/boot` yake imejaa asilimia 94, nimeiangalia leo baada ya kusoma hapa.

---

Dada wa Ndanda · saa 1:12 usiku

Kijana wa Kilwa, usifute kwa `rm`. Angalia `dpkg -l 'linux-image*'`, andika `uname -r` ujue unayoitumia, kisha `apt autoremove --purge`. Soma majina itakayotaja kabla ya kukubali. Ukikwama, weka hapa inachosema.